Punje Kumi na Nne

Kwenye kigoda kuna kisahani cha bati, na ndani ya kisahani punje kumi na nne za maharage. Kila punje ni siku moja. Zote pamoja ni wiki mbili zilizopita. Binti aliyezihesabu bado hajauliza kitu. Amekaa mkekani, miguu ameikunjia upande mmoja, tableti ameilaza kifudifudi pembeni, na kwa ncha ya kidole anazisogeza punje zile moja moja mpaka zikae safu iliyonyooka. Hana haraka. Mimi niliyekaa mbele yake nimeanza kuzitazama siku zangu kabla hata sijaulizwa habari zake.

Tuko Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, kwenye baraza ya nyumba ya mama yake. Ni Jumamosi asubuhi. Nje bajaji zinapiga honi, jirani anapasua kuni, harufu ya lengalenga inatoka jikoni. Nimetoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kuja hapa kwa ajili ya Kiswahili. Kirundi chake na Kifaransa chake havina shida, ila utafiti uliomwajiri utawahoji pia watu ambao machungu yao huyasema kwa Kiswahili, na alitaka mtu mzima aliyekulia ndani ya lugha hiyo akae naye, wapime swali moja baada ya jingine. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilichukua Jumamosi tano. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kueleza nilichokiona, maana niliona ufundi, ufundi hasa, kama wa seremala anayepitisha kiganja juu ya ubao kabla ya kuamua randa ianzie wapi.

Alisoma saikolojia ya kliniki katika chuo kikuu kimoja cha hapa Bujumbura. Alipotetea memwari yake, tasnifu ya kumaliza chuo, familia ilipika wali na kuku, picha ya joho ikawekwa fremu, kisha ikaja ile miezi ambayo kila kijana aliyesoma hapa anaijua: nakala za diploma ndani ya bahasha ya kaki, foleni, "tutakupigia simu". Wenzake wengi walilenga ofisi za mashirika. Yeye alichukua kazi ya siku ishirini ya anketeri, yaani yule mtu anayebisha hodi akiwa na orodha ya maswali. Mjomba wake alisikitika waziwazi. Miaka yote ile ya shule, ili uende kuwauliza watu wamelalaje?

Ningependa kumjibu mjomba yule, kwa heshima zote. Ndiyo, ili aende kuwauliza watu wamelalaje. Mlango wa utafiti wa saikolojia ni huo. Tumezoea kudhani kwamba mtu huanza utafiti akishapata nafasi ya kusoma Ulaya, akishakaa kwenye maktaba yenye viyoyozi. Lakini kila asilimia inayochapishwa ilikuwa kwanza sauti ya mtu mmoja akimjibu mtu mmoja, na sauti hiyo ikipindishwa pale pale mkekani, hakuna hesabu itakayoinyoosha baadaye. Burundi imetoa tafiti zinazosomwa mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakishirikiana na Manassé Bambonyé wa Université Lumière de Bujumbura, walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya watoto wa mitaani, wakiwalinganisha wanaoishi barabarani, waliorudishwa kwenye familia, walio kwenye vituo na wale ambao hawakuwahi kutoka nyumbani. Mwaka uliofuata zikaja makala juu ya wanajeshi na waliokuwa wapiganaji. Katika makala za aina hii wahoji kwa kawaida hupata mstari mmoja: kwamba walipewa mafunzo. Mimi nataka kukaa kwenye mstari huo.

Orodha tuliyoanza nayo inaitwa PHQ-9. Ina maswali tisa, ilichapishwa Marekani mwaka 2001, na leo inatumika karibu kila mahali duniani kupima huzuni iliyogeuka ugonjwa. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Swali la kwanza linahusu mtu ambaye mambo hayamvutii tena wala hayampi raha. Rasimu ya Kiswahili aliyokabidhiwa ilisema: "Umekuwa na hamu ndogo ya kufanya mambo?" Nililisoma, nikaona ni Kiswahili kizuri, nikataka tuendelee na la pili.

Akanizuia kwa upole. Alikuwa amekwishalipeleka Buyenzi, kwa mzee mmoja aliyesoma chuo cha Kurani utotoni. Mzee alilisikia swali nusu, akainua mikono: "Alhamdulillahi, mwanangu, hamu yangu sasa ni ndogo. Mungu amenipunguzia." Kwa karatasi, jibu hilo ni alama ya ugonjwa. Kwa mzee, lilikuwa ni shukrani. Yeye alikuwa amelisikia neno la wazee, hamu ya "hamu na ghamu", mzigo wa moyo. Kijana wa Mutakura akiambiwa hamu anasikia shauku, anawaza soda baridi au kumwona mpenzi wake. Neno ni moja, na watu wawili wanalipokea wakiwa wamegeuziana migongo.

Mimi Kiswahili nimekinyonya, na neno hilo nalijua kwa maana zake zote mbili. Hata hivyo nililipita. Yeye, ambaye lugha hii ameiokota shuleni na sokoni, alilisimamia kwa sababu alikuwa ametazama mikono ya mzee. Mikono iliyoinuliwa haikulingana na alama aliyokuwa anataka kuandika.

Akajaribu upya: "Mambo uliyokuwa ukiyapenda, siku hizi bado yanakuvuta?" Zuri, lakini limegeuza mwelekeo. Sasa "ndiyo" ni jibu la afya, ilhali katika maswali manane yaliyobaki "ndiyo" ni jibu la maumivu, na mtu aliyechoka, akiwa kwenye swali la sita, hujibu kwa mazoea. Akalifuta. Mwishowe likawa hivi: "Katika siku hizi kumi na nne, ni ngapi ambazo mambo uliyozoea kuyapenda hayakukuvuta?" Hapo ndipo maharage yalipopata kazi. Karatasi inataka mtu achague kati ya "siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku" na "karibu kila siku", na hakuna mtu ninayemjua anayehesabu huzuni yake kwa nusu. Lakini mpe mama punje, umwambie azivute upande wake zile siku mbaya, atazivuta. Atavuta nane, atatafakari, atarudisha moja. Ile punje moja inayorudi, kutoka nane kwenda saba, ndiyo inayovuka mpaka wa nusu. Binti aliniambia huwa anaitazama punje hiyo kuliko anavyoutazama uso.

Kuna utaratibu wa kazi hii, nao ni wa siku nyingi. Mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona maneno ya asili anairudisha tafsiri ile kwenye lugha ilikotoka, kisha maandishi mawili yanawekwa pamoja na kulinganishwa. Richard Brislin aliueleza mwaka 1970, na hadi leo kamati nyingi huuliza kwanza kama umefanyika. Rasimu ile yenye "hamu ndogo" ilikuwa imeupitia na kufaulu. Ilirudi safi kabisa kwa sababu aliyeirudisha alikuwa msomi kama aliyeitafsiri. "Imefika ofisini," binti alisema, "kwa mama haijafika." Aliporidhika na maneno mapya aliyasomea watu sita, watatu wanaume na watatu wanawake, na hakuuliza kama wameelewa. Aliwaomba wamsimulie swali kwa maneno yao, kama vile wanampelekea jirani ujumbe.

Nilipomwona akifanya hivyo nilimkumbuka Katie Kibuka. Si jina linalotajwa sana, na nadhani lingestahili. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alimfuata mumewe Kampala. Huko alianza kuzitembelea nyumba za Waganda zenye watoto wachanga: familia 26, watoto 28, kila baada ya wiki mbili, saa mbili kwa kila ziara, kwa muda wa miezi hadi tisa. Alikaa sebuleni akitazama mtoto anamlilia nani, anatambaa kumfuata nani, nani akirudi mtoto ananyoosha mikono. Kitabu chake kilitoka 1967, na nadharia ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi, inayofundishwa leo katika kila idara ya saikolojia duniani, ina mguu mmoja ndani ya sebule zile za Buganda. Kiganda cha Ainsworth hakikutosha. Aliyekaa katikati, akiyapokea maneno ya akina mama na kuyavusha, alikuwa Kibuka.

Kuna jambo katika utafiti ule ambalo sichoki kulirudia. Ainsworth aligundua kwamba akina mama waliosimulia habari za watoto wao kwa undani, bila kuvutwa, wakitaja hili na lile la mtoto, ndio ambao watoto wao mara nyingi walikuwa wametulia zaidi. Namna mama alivyosimulia ikawa yenyewe ni kipimo. Sasa fikiri: undani huo ulipita wapi kabla ya kufika kwenye daftari la Ainsworth? Ulipita kwa mfasiri. Kama Kibuka angefupisha, kama wafasiri wengi tunavyofupisha jua likiwa kali, akina mama wote wangefanana.

Hapa kwetu kazi ni ngumu kwa namna nyingine. Warundi husema: Ijambo rigukunze rikuguma mu nda, neno linalokupenda hukaa tumboni mwako. Na juu ya wanaume husemwa kwamba machozi yao hutiririka kuelekea tumboni. Maneno tumboni, machozi tumboni: huko ndiko mtu mwenye adabu anakoweka mali yake. Nimesikia wageni wakiuita ukimya huu kikwazo. Binti wa Mutakura hauiti hivyo. Kwake ni nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu hupigwa hodi.

Ndiyo maana anajali majina ambayo watu wenyewe wameyapa maumivu yao. Mwaka 2013 daktari wa akili Peter Ventevogel na wenzake walichapisha utafiti uliouliza jamii nne zilizopitia vita, huko Sudani Kusini, Kongo na Burundi, ni matatizo gani ya akili wanayoyatambua na wanayaitaje. Kutoka Burundi likatoka, pamoja na mengine, neno ihahamuka, ambalo Wanyarwanda pia wanalo. Ndani yake mna amahaha, mapafu: ni hali ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu, kana kwamba mapafu yamemtoka. Vitabu vina jina refu la ugonjwa unaofuata misiba mikubwa, na dalili zake zinapakana na hizi, lakini mipaka hailingani sawasawa. Binti ana daftari la jalada la bluu ambamo ukurasa wa kushoto una maneno ya kitabu na wa kulia una maneno ya watu. Katikati ameacha nafasi pana. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni kwa ajili ya yasiyolingana.

Sasa nirudi kwenye baraza na punje zangu. Siku ile alikuwa anajizoeza, na mimi ndiye niliyekuwa mhojiwa. "Baba," aliniambia, "leo wewe si mwandishi. Leo wewe ni mama wa watoto watano, mume yuko mbali." Nikakubali. Maswali mawili ya mwanzo niliyajibu kama mwigizaji. La tatu ni la usingizi. "Ni siku ngapi ambazo usingizi ulikusumbua?" Nikavuta punje. Nilivuta tano, halafu ya sita, na mkono ukabaki juu ya ile ya sita kwa kuwa nilijua ni usiku wa siku gani. Hakusema kitu. Hakutikisa kichwa, hakusema "pole", hakuigusa tableti. Alitulia kama mtu anayesubiri maji yachemke, akijua yatachemka. Nami nikaanza kusema habari za kaka yangu, za mwaka 1993, jambo ambalo wanangu hawajawahi kulisikia kwangu.

Labda dakika mbili zilipita. Kisha akaweka kiganja juu ya kisahani, akakifunika chote. "Baba, hili si la mazoezi," alisema. "Ukitaka tuliongee, tutaliongea, lakini si kwa karatasi hii." Alichana ule ukurasa aliokuwa ameandikia alama zangu, akaukunja mara mbili, akanipa mkononi. Ninao bado.

Ufundi wa kumfanya mtu aseme unaweza kufundishwa kwa wiki mbili, hata matapeli wanao. Kujua ni wakati gani neno la mtu linazidi haki yako ya kulisikia, na kufunika kisahani hapo hapo wakati habari ndiyo kwanza imekuwa tamu kwa mtafiti, hilo sikujua kwamba kijana wa umri ule anaweza kuwa nalo.

Na Mutakura si mahali pa kuchezea neno. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993, vita viliendelea zaidi ya miaka kumi, na katikati ya miaka ile mitaa hii ya kaskazini iligawanywa kwa makabila, watu wakihama na magodoro usiku. Mwaka 2015 Mutakura na Cibitoke jirani yake zilikuwa kati ya mitaa ya maandamano, na risasi zililia tena. Mtu anayeingia uani na kuuliza majina hapa anaamsha mambo. Kwa hiyo yeye haulizi jina. Kila mhojiwa ana namba tu. Karatasi ya ridhaa anaisoma yote kwa sauti, hata kama mhojiwa anajua kusoma, na kwa asiyetaka kutia saini (wapo wenye sababu za kuiogopa saini) ridhaa inachukuliwa kwa mdomo mbele ya shahidi. Kabla ya hapo kulikuwa na kibali cha kamati ya taifa ya maadili na kingine cha takwimu, miezi ya kusubiri mihuri ambayo hainipi hamu ya kuisimulia.

Swali la tisa ndilo zito kuliko yote. Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au kujidhuru. Wahoji wengi wapya hulisema haraka, macho chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Yeye amelifanyia mazoezi kwa sauti ile ile ya swali la usingizi, wala hapunguzi sauti, maana sauti ikishuka mhojiwa anajifunza kwamba hili ni la aibu. Punje ikisogezwa hata moja, mahojiano yanasimama. Hamwachi mtu huyo peke yake. Anampigia mwanasaikolojia msimamizi, na Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge hakiko mbali. Fomu itasubiri.

Msimamizi wake huyo ndiye aliyemwonyesha kamba. Katika tiba ya masimulizi iliyotengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, mtu hupewa kamba ailaze sakafuni iwe maisha yake, tangu kuzaliwa. Pale palipokuwa na jambo jema anaweka ua. Pale palipokuwa na jambo baya anaweka jiwe. Ncha ya kamba inaachwa imekunjwa, kwa siku ambazo hazijafika. Baada ya mafuriko ya usiku wa Februari 9, 2014, yaliyoua watu kwenye mitaa hii ya kaskazini, tiba hiyo ilijaribiwa kwa walionusurika. Makala iliyotoka 2018 iliuliza pia swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa: je, watu waliofundishwa kuweka neno tumboni wataipokea? Waliipokea. Binti bado hajaruhusiwa kuitumia kamba na mtu mwenye jiwe kubwa. Anajizoeza na mama yake, ambaye siku ya kwanza aliweka maua matatu na akakataa kugusa mawe, na mwanawe akaikunja kamba bila kusema lolote.

Usiku anaandika sauti zilizorekodiwa. Saa moja ya mazungumzo humla saa sita, saba, akiwa na vipokea sauti masikioni, akirudisha nyuma sekunde tano tano. Haandiki maneno peke yake. Anaandika pumzi. Anaandika "kimya, sekunde 11". Anaandika jogoo akiwika, kama mhojiwa alinyamaza kwa ajili ya jogoo. Alinionyesha mahali ambapo mama mmoja alisema "nimesamehe" na mahali pengine, dakika ishirini baadaye, aliposema "nimenyamaza", kwa sauti ile ile, na mtafsiri wa zamani wa mradi aliyaandika yote mawili kwa neno moja la Kifaransa. Yeye aliyatenganisha, akaweka maelezo pembeni kwa herufi ndogo nadhifu. Sijui kama mtu yeyote huko juu ameyasoma.

Jumamosi ya tano maswali yalikuwa yamekwisha kupimwa, naye akaanza kazi yenyewe. Nilimsindikiza mpaka kona. Kwenye nyumba ya kwanza niliketi dukani ng'ambo ya barabara, mbali, ambako neno halifiki. Niliona mkeka ukitandikwa, kisahani kikitolewa kwenye mkoba, mama akiinama. Niliona mkono ukivuta punje. Kisha kwa muda mrefu hakuna aliyesogea, na kuku walipita katikati yao kana kwamba hapakuwa na watu.

Alipotoka hakwenda moja kwa moja nyumba ya pili. Alikaa kwenye jiwe karibu na bomba la maji, akafungua daftari la bluu na kuandika karibu ukurasa mzima. Akanawa mikono na uso. Akazimimina punje kiganjani, akazihesabu, akazirudisha kwenye kisahani. Halafu akavuka barabara, akapiga hodi kwenye lango la bati, akarudi nyuma hatua mbili ili atakayefungua amwone mzima, akasubiri.